Ndege Inayosamehe

Ndege ya kwanza iliyoingia nyumbani mwetu ilikaa angani kwa muda usiotosha mtu kuvuta pumzi tatu. Iliondoka mkononi, ikapanda kwa ghafla kama iliyoshtuliwa, ikalala ubavu wa kushoto, kisha ikajichimbia ardhini hatua ishirini tu kutoka pale tuliposimama. Bawa moja lilikatika, pua ikasagika, na rafadha ikapotelea majanini tusiione tena. Kijana wetu alikwenda kuokota vipande kimoja baada ya kimoja, akavikusanya ndani ya kanzu aliyoikunja mbele kama pakacha. Aliporudi alisema maneno mawili tu: "Nisamehe, Ami."

Huenda msomaji akastaajabu kwamba ukurasa wa familia uzungumzie ndege ya kuchezea inayoongozwa kwa redio. Nasi tungestaajabu vivyo hivyo mwaka mmoja uliopita. Lakini maneno hayo mawili yalituandama mpaka tukalazimika kujifunza tusiyoyajua, kwanza juu ya ndege, kisha juu yetu wenyewe. Tumeona si vibaya tukiyaandika, kwani wako wazazi na walezi wengine ambao watoto wao wanatamani kitu kama hiki, na wao, kama sisi, watakwenda kukichagua kwa macho.

Kijana huyu ni mtoto wa marehemu ndugu yetu. Alikuja kwetu Bagamoyo akiwa na umri wa miaka 8, na mizigo yake ilikuwa miwili: mkoba wa nguo, na sanduku la zana za baba yake, aliyekuwa fundi redio. Sanduku lile hulala chini ya kitanda chake. Ndani mna bisibisi, koleo ndogo, pasi ya lehemu na waya za kila rangi. Sasa ana miaka 13, na hajawahi kuona kitu kilichofungwa asitamani kukifungua. Alianza na tiara za chelewa na karatasi, akizirusha ufukweni pamoja na wenzake. Baadaye akaanza kuuliza iwapo tiara inaweza kwenda bila ya uzi.

Kwa miaka miwili alifuga kuku na kuwauzia majirani mayai. Fedha za sikukuu ambazo watoto wengine huzimaliza kwa peremende, yeye alituletea tumtunzie. Zilipofika shilingi 240,000 alisema anataka kununua ndege. Tulifurahi kwa bidii yake, tukafunga safari naye hadi Dar es Salaam, tukaingia duka moja la vifaa vya umeme na michezo.

Dukani mlikuwa na ndege mbili zilizolingana na fedha zake. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya povu, bawa lake refu limepita juu ya mgongo na rafadha imewekwa nyuma ya bawa. Kwa sura ilifanana na bata aliyenyoosha shingo. Ya pili ilikuwa ya kijivu, mfano wa ndege za kivita za zamani, mabawa mafupi yametoka chini ya tumbo, pua kali, na michoro ya kuvutia ubavuni. Kijana alisimama mbele ya ile nyeupe akaigusa. Sisi tukacheka. Tukamwambia, "Hiyo ni ya watoto wadogo. Wewe umeshakuwa mkubwa." Mwuza duka naye akatuunga mkono, akasema ile ya kijivu hata asiyejua kitu ataiweza. Kijana akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Sawa, Ami." Tukalipa kwa fedha zake, tukarudi nyumbani tukiwa na fahari isiyokuwa yetu.

Kilichofuata msomaji ameshakijua. Lakini hatujasema lililo kubwa zaidi. Alipotuomba msamaha pale uwanjani, tulimwambia, "Haidhuru, siku nyingine uwe mwangalifu." Yaani tulipokea msamaha ambao hakuwa na deni nao.

Wiki tatu zilipita. Vipande vya ndege vilikaa ndani ya mfuko uani. Sanduku la baba yake halikuvutwa kutoka chini ya kitanda hata mara moja. Saa ya ukutani iliharibika, nasi tukaiacha mezani makusudi. Akaipita kama haioni. Usiku mmoja, baada ya watoto kulala, mmoja wetu alimwuliza mwenzake: "Hivi zile fedha zilikuwa za nani? Na ndege ile ilichaguliwa na nani?" Tulinyamaza kwa muda mrefu. Hakuna Mwislamu asiyejua namna Qur'ani Tukufu ilivyotuonya kwa ukali juu ya mali ya yatima. Sisi hatukuila mali yake, lakini tuliitumia kwa kuyafurahisha macho yetu, kisha tukamwachia lawama mwenye mali. Je, hiyo ndiyo amana?

Asubuhi yake tuliuchukua mfuko ule tukaupeleka kwa mzee jirani yetu, fundi mstaafu aliyefanya kazi ya kutengeneza ndege kwa miaka mingi. Mzee alivimwaga vipande juu ya mkeka, akavipanga mpaka umbo likaonekana, akashika mwili chini ya mabawa kwa ncha za vidole viwili. Mkia ukaanguka chini papo hapo.

"Nani aliiweka betri huku nyuma?" akauliza.

Ni sisi. Kijana alitaka kusoma mwongozo kwanza, nasi tukaharakisha.

Mzee alitueleza kwamba kila ndege ina kitovu cha uzito, na kwa ndege nyingi za namna hii kitovu hicho huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Ukiishika hapo kwa vidole viwili, ndege yapasa itulie sawasawa, au iiname kidogo puani. Ikiwa nzito mkiani hupanda bila ya kuamrishwa, hupoteza mwendo, na bawa hushindwa kuibeba. Kisha akauliza tuliirusha saa ngapi. Saa kumi alasiri, tukajibu, mwezi wa Januari. Akatikisa kichwa. Kaskazi huo, na upepo wa baharini juu yake. Na mlielekea wapi? Upepo ulikuwa mgongoni mwetu. Mzee akacheka kwa upole, akasema hata kunguru hatutendi hivyo. Ndege, yenye uhai na isiyokuwa nayo, huondoka kwa kuukabili upepo.

"Basi," akasema, "ndege hii ilianguka kabla haijaondoka mkononi. Mtoto hana kosa hapa."

Tulimwomba atufundishe namna ya kuchagua. Maneno yake tunayafupisha kwa faida ya wenzetu. Alisema mwanafunzi asiulize ipi nzuri, wala ipi ina mbio. Aulize: nikikosea, ipi itanisamehe?

Ndege inayosamehe, alieleza, bawa lake huwa juu ya mgongo, na mwili huning'inia chini yake. Bawa lenyewe huwa limeinuka kidogo ncha zote mbili, mfano wa mikono ya mtu anayeomba dua. Likiinama upande mmoja, ndege huteleza kuelekea upande huo, na hewa hulisukuma zaidi lile bawa lililo chini mpaka ndege irudi sawa yenyewe. Sisi watu wa pwani hatukuhitaji maelezo marefu. Ngalawa ina matengo yake, na mtoto akiegemea upande mmoja haipinduki papo hapo. Humpa nafasi ya kujirekebisha. Ndege ile ya kijivu haikuwa na matengo. Ilikwenda kokote ilikoinamishwa, na kumrudisha ni kazi ya mkono uliozoea.

Inayosamehe, tena, ni nyepesi kwa ukubwa wake. Bawa la mita 1 hadi mita 1 na nusu linafaa: kubwa kiasi cha kuonekana vizuri likiwa mbali, na la kutosha kubeba ndege kwa mwendo wa polepole. Ile yenye mabawa mafupi na uzito mwingi haina budi ikimbie ili ibaki hewani, na kinachokimbia hakimpi mwanafunzi muda wa kufikiri.

Mwili wake uwe wa povu gumu linalonyumbulika, jamaa ya lile tulionalo katika makasha ya kuhifadhia samaki lakini lenye uimara zaidi. Povu likivunjika huungwa kwa gundi, na jioni hiyohiyo ndege inaruka. Rafadha ikiwa nyuma ya bawa ni bora zaidi, kwani kinachotangulia kugonga chini ni pua, si rafadha wala mota. Mzee alitaja ndege ya kampuni ya Multiplex ya Ujerumani iitwayo EasyStar, iliyojipatia jina kwa umbo hilohilo, na wengi wakaiiga. Tulitazamana. Bata mweupe wa dukani alikuwa wa ukoo huo.

Kuhusu uongozaji, alisema chaneli tatu zinamtosha anayeanza: moja ya nguvu za mota, moja ya kupanda na kushuka, na moja ya kugeuka. Ya nne, ile ya vibawa vidogo vya kuiviringisha ndege upande, itakuja na wakati wake. Siku hizi ziko ndege zenye kifaa cha ndani kinachoisawazisha ndege pale mwanafunzi anapochanganyikiwa. Si vibaya kuwa nacho, lakini kiwe kinaweza kuzimwa, ili mkono ujifunze kidogo kidogo. Na kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize maswali mawili: Je, rimoti, betri na chaja vimo ndani ya kasha? Na je, bawa na rafadha vinauzwa peke yake? Ndege isiyokuwa na vipuri hufa kwa ajali yake ya kwanza.

Mwishoni alitukumbusha kisa cha Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Cordoba ya Andalusia aliyeishi katika karne ya 9. Ameandika al-Maqqari, mwanahistoria aliyekuja karne nyingi baadaye, kwamba Ibn Firnas alijivika manyoya, akajifungia mabawa, akaruka mwendo wa kutajika, lakini alipotua aliumia mgongo kwa sababu hakujifanyia mkia, naye hakuwa amezingatia kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia wake. "Tazameni," akasema mzee, "watu hawakumcheka wakamsahau. Walichunguza alikosea wapi, wakaandika. Na nyinyi mwambieni mtoto alikosea nani."

Usiku ule, baada ya swala ya Isha, tulimwita barazani. Si jambo jepesi mtu mzima kumkalisha mtoto na kumwomba radhi. Ulimi huwa mzito, na moyo hutafuta njia za pembeni. Tulimweleza habari ya betri, habari ya upepo, na habari ya kucheka kwetu dukani. Tukamwambia ndege ya bata ndiyo iliyokuwa ya haki, na kwamba yeye aliiona, sisi hatukuiona.

Alikaa kimya akizungusha kofia yake mikononi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo si mimi niliyeiangusha?"

Wiki tatu! Wiki tatu mtoto alikuwa akiubeba mzigo huo, nasi tuko naye sahani moja.

Tulimrudishia shilingi zake 240,000 zote. Tulikuwa tumeweka akiba ya kujenga ukuta wa uani, ukuta ukangoja. Safari hii alikwenda dukani yeye, sisi tukafuata nyuma. Aliuliza maswali yake mawili. Akaishika ndege kwa vidole chini ya bawa. Akaisoma karatasi ya mwongozo palepale akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, na mwuza duka akasubiri.

Hatukuirusha siku hiyo, wala wiki hiyo. Kwanza tuliuliza sheria. Hapa Tanzania vyombo vinavyoruka bila ya rubani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na yeyote anayetaka kurusha chombo cha namna hii anapaswa kuulizia masharti kabla ya kununua, siyo baada ya kukamatwa. Karibu na viwanja vya ndege na kambi za jeshi pasikaribiwe kabisa, wala chombo kisipitishwe juu ya vichwa vya watu. Tulipata ruhusa ya kutumia uwanja mpana wenye majani, mbali na nyumba na nyaya za umeme.

Kisha tulijifunza adabu za betri. Betri za lithiamu polima zina nguvu nyingi ndani ya umbo dogo, na zikichezewa huwaka moto. Hatuichaji mtu akiwa amelala au ametoka, wala hatuiweki karibu na pazia au godoro. Iliyovimba haitumiki tena. Tena haimalizwi mpaka tone la mwisho: seli moja ikiwa imejaa hufika volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3 huharibika, kwa hiyo tunatua mapema, kwa saa siyo kwa kukisia. Isiyotumika kwa siku kadhaa huachwa na chaji ya kati, kama volti 3.8 kwa kila seli. Hesabu zote hizo anaziandika kijana katika daftari.

Kubwa lililomsumbua ni kushoto na kulia. Ndege ikikupa mgongo, kulia kwake ni kulia kwako. Ikigeuka kukujia, mambo hupinduka, na mkono humsaliti mwenyewe. Alijizoeza kwanza kwa programu ya mazoezi kwenye kompyuta ya binamu yake, ambako kuanguka hakugharimu kitu. Mzee naye akampa kanuni nyepesi: ndege ikikujia na bawa moja limeinama, peleka kijiti upande wa lile bawa lililoinama, kama unayeliwekea gogo la kuliegemeza. Na kabla ya yote, panda juu kwanza, kimo cha minazi miwili mmoja juu ya mwingine. Kosa lililofanyika juu lina nafasi ya kurekebishwa, la karibu na ardhi halina.

Tulingoja malelezi, majira ambayo kaskazi umekwisha na kusi bado haujashika. Siku ya kwanza tulitoka msikitini baada ya swala ya Alfajiri. Majani yalikuwa na umande, na hewa imetulia kiasi kwamba moshi wa jikoni kwa watu ulipanda wima. Kijana aliikagua ndege: bawa limekaza, kitovu kiko mahali pake, mkia unaitika kulia na kushoto. Alitembea hatua nyingi kutoka kwenye ndege akiwa na rimoti ili ahakikishe redio inasikika kwa mbali. Kisha akasema Bismillahi, akaikabidhi kwetu tuirushe, uso kwa upepo mdogo uliokuwako.

Ilipanda taratibu, kama iliyokuwa ikijua njia. Ilipofika juu ya miembe akapunguza nguvu, akageuka kushoto, akageuka tena, mduara mpana. Mara mbili iliinama kuliko ilivyotakiwa, na mara zote mbili aliviachia vijiti, kama alivyofundishwa, nayo ikajinyoosha yenyewe. Dakika nane baadaye ilitua ikisugua majani. Hakuruka wala hakupiga kelele. Alikwenda kuiokota, na safari hii kanzu haikukunjwa.

Imeshaanguka mara nyingi tangu hapo. Imegonga mwembe, imejitosa kwenye dimbwi, pua yake ina makovu ya gundi kama goti la mcheza mpira. Kila ikianguka hutuambia sababu kabla hatujauliza: "Niligeuka nikiwa chini mno," au, "Upepo ulishaanza, ningetua mapema." Tumegundua kwamba mtoto asiyeogopa kulaumiwa huwa mkweli zaidi juu ya kosa lake kuliko hakimu yeyote.

Wiki iliyopita alitutaka nasi tujaribu. Mmoja wetu aliishika rimoti, akaenda vizuri mpaka ndege ilipogeuka kutujia. Kushoto kukawa kulia. Tukaipigiza chini mbele ya watoto wote wa mtaa, na pua ikapasuka vipande viwili.

"Tusamehe, mwanetu," tukasema.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hii haiombewi radhi, Ami," akasema. "Gundi ipo." Akalivuta karibu sanduku la baba yake, ambalo siku hizi halilali tena chini ya kitanda bali huja nasi uwanjani, akalifungua.